Pima kwenye nyaya mbili za mota
Kuhusu kupima mota, naomba niongeze jambo. Kwa vifaru vya kuchezea vya rimoti vya Heng Long vyenye betri ya volti 7.2, usiache ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya betri. Bodi ya umeme ya kifaru hubadilisha pande zote mbili za mota ili irudi nyuma, kwa hiyo gusisha ncha za mita kwenye nyaya zake mbili: mbele ikisoma chanya, nyuma itasoma hasi. Ukisukuma kijiti cha rimoti nusu ukaona volti chache, bodi haijafa. Umeme unawashwa na kuzimwa haraka mno, mita inasoma wastani tu. Na pima mota ikiwa imeunganishwa, maana bodi mbovu huweza kuonyesha volti zote bila mzigo. Tafadhali, ncha zisigusane: shoti ya kufumba na kufumbua inaunguza transista.