Kupima Si Kukadiria: Ramani za Dunia na Mtihani wa Mfasiri

Aghalabu msomaji aonapo ramani ya dunia iliyopakwa rangi kuonyesha kuenea kwa malaria, huamini kuwa kila palipo na rangi pamepimwa. Sivyo. Vijiji ambamo damu ya watoto imepimwa ni vichache mno, na pengo lililobaki limejazwa na takwimu.

Mbinu yenyewe ina asili ya Kiafrika, na tena ilianzia katika tasnifu ya Uzamili, jambo ambalo wanafunzi wa ngazi hiyo wana haki ya kujivunia. Mnamo mwaka wa 1951 Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand utafiti kuhusu kukadiria dhahabu iliyomo ardhini kutokana na sampuli chache. Katika miaka ya 1960 Mfaransa Georges Matheron aliijengea mbinu hiyo nadharia na kuiita kwa jina la Krige. Msingi wake ni kuwa mahali palipo karibu hufanana zaidi kuliko palipo mbali. Kwa hivyo sampuli ya jirani hupewa uzito mkubwa, ya mbali mdogo, na kila kadirio huandamana na kipimo cha shaka yake.

Kuitumia mbinu hiyo kwa dunia nzima ndiko kwenye vikwazo, kwa kuwa dunia ni tufe. Digrii moja ya longitudo ni takriban kilomita 111 kwenye ikweta, lakini hupungua hadi 56 hivi kwenye latitudo ya 60. Fiji, iliyokatwa na mstari wa digrii 180, hutupwa pande mbili za ramani kana kwamba visiwa vyake havijuani.

Watafiti wa Oxford na Nairobi walioanzisha mradi wa ramani za malaria mwaka wa 2005 hawakuificha shaka. Ramani yao ya mwaka wa 2009 iliieleza bayana. Kasoro huzuka habari inapotiwa katika Kiswahili. “Yamkini” hugeuka “ni”. “Inakadiriwa” hugeuka “imethibitishwa”. Ilhali lugha ina kupima, kukadiria, kukisia na kubahatisha, kila kitenzi na daraja lake! Kijiji kisichopimwa, kilichopakwa rangi ya usalama kwa kufuata jirani zake, huenda kikakosa vyandarua kwa sababu ya kitenzi kimoja. Mhariri anayeichapa ramani ya aina hiyo hana budi kuichapa pamoja na shaka yake.