Aksiomu ya Uchaguzi na Uaminifu wa Mwanahisabati

Wapo wasemao kwamba mwanahisabati anayethibitisha kuwa jambo fulani haliwezi kuthibitishwa amepoteza wakati wake bure. Kauli hiyo si sahihi, na historia ya aksiomu ya uchaguzi yaonyesha sababu.

Mwaka 1904 Ernst Zermelo aliitamka wazi aksiomu hiyo: katika mkusanyiko wowote wa seti zisizo tupu, yawezekana kuchagua kitu kimoja kutoka kila seti. Bertrand Russell alieleza ugumu wake kwa viatu na soksi. Jozi za viatu hata zikiwa hazina mwisho, kanuni ni rahisi: chukua cha kushoto. Soksi za jozi moja hazitofautiani. Hapo kanuni hakuna, na aksiomu yahitajika.

Je, mtu akikubali uchaguzi katika seti za vitu viwili viwili tu, amepata nini zaidi? Alfred Tarski alionyesha kwamba amepata pia uchaguzi katika seti za vitu vinne vinne. Sababu yake yafanana na mashindano ya mpira. Timu nne zikikutana zote bila sare, michezo ni sita, na ushindi sita haugawanyiki sawa kwa timu nne. Basi zinazoongoza ni moja, mbili au tatu. Ikiwa moja, huchaguliwa hiyo. Zikiwa mbili, mchezo wao umekwisha kuamua. Zikiwa tatu, huchaguliwa ile iliyobaki.

Timu tatu, hata hivyo, zaweza kupata ushindi mmoja mmoja, na njia hiyo hukwama. Je, haipo njia nyingine? Haipo. Mbinu zilizoanzishwa na Abraham Fraenkel mwaka 1922, na ile ya Paul Cohen ya mwaka 1963, zimewezesha kuthibitisha kwamba uchaguzi wa viwili hauleti uchaguzi wa vitatu.

Faida ya matokeo hayo ni uaminifu. Wanafunzi wa vyuo hufundishwa kwamba seti zinazohesabika, zikiunganishwa kwa idadi inayohesabika, huzaa seti inayohesabika. Mara nyingi hawaambiwi kwamba uchaguzi umetumika. Kumbe Solomon Feferman na Azriel Lévy walionyesha mwaka 1963 kwamba, pasipo aksiomu hiyo, hata namba halisi zote zaweza kuwa muungano wa namna hiyo.

Aksiomu ya uchaguzi haipaswi kuogopwa wala kutupwa. Inapaswa kutajwa inapotumika, pamoja na kiasi chake. Mwalimu asiyefanya hivyo humkopesha mwanafunzi pasipo kumweleza deni.