Ajali ina kinga, na kuitafuta ni wajibu

KATIKA misiba mingi tunayohudhuria hapa pwani ya Tanga, mtu akifa kwa kugongwa na chombo cha moto, maneno yanayosemwa ni yale yale: siku yake ilifika, kazi ya Mungu haina makosa, ajali haina kinga. Huombwa dua, huliwa chakula, na watu hutawanyika. Baada ya muda, watoto wa marehemu huvuka mahali pale pale alipogongwa baba yao, na kwa namna ile ile. Hakuna aliyefyeka kichaka, hakuna aliyeandika barua, wala hakuna aliyewaketisha watoto hao akawafundisha kuvuka.

Sisi hatupingi hata chembe ya Qadar. Kuiamini, heri yake na shari yake, ni nguzo ya imani yetu. Tunachokipinga ni Qadar kugeuzwa shuka la kufunikia uzembe. Katika toleo hili tumeamua kuzungumzia vifo vya watu waendao kwa miguu katika njia za reli, pamoja na ndugu zao wafao barabarani, kwa kuwa ugonjwa ni mmoja na dawa yake ni moja.

Msomaji wetu wa Tongoni anaweza kuuliza: reli iko wapi hapa? Ni kweli, reli haipiti Tongoni. Inaanzia Tanga mjini, inakwenda Pongwe, Muheza, Korogwe na Mombo, hata Moshi. Lakini watu wa Tongoni, Kirare na Marungu ndio wanaopeleka samaki na nazi mjini, na ndio wenye ndugu na watoto huko ambako reli inapita. Isitoshe, nasi tumeletewa reli yetu isiyo na vyuma. Barabara ya Tanga hadi Pangani, iliyokuwa ya vumbi na mashimo kwa miaka mingi, katika miaka hii ya 2020 imekuwa ikigeuzwa kuwa ya lami. Hiyo ni neema, na tunamshukuru Allah (S.W.) kwa neema hiyo. Lakini kila njia iliyozoeleka kwa upole, ikianza kwenda mbio, huwa na hatari yake. Yaliyotokea relini yanatufundisha hilo.

Reli ya Tanga ni kongwe kuliko zote katika Tanzania Bara. Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Mwaka 1963 ikaunganishwa na Reli ya Kati kwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi. Baadaye huduma zikadorora, treni za abiria zikakoma, na mwishowe hata za mizigo zikasimama. Njia ikalala kwa miaka mingi. Sasa mwanadamu akiona njia iliyonyooka, iliyoinuka juu ya matope, isiyo na chombo kinachopita, ataifanya nini? Ataifanya yake. Watu wakatembea juu ya mataruma kwenda shamba, shule na sokoni. Wakazaliwa watoto na wakakua bila kuiona treni ikipita karibu na kwao.

Mwezi Julai 2019 treni za mizigo zikarejea kati ya Tanga na Moshi, na mwezi Desemba mwaka huo huo ikarejea treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi, ambayo ilikuwa haijaonekana kwa zaidi ya miaka 20. Njia iliamka, lakini miguu ya watu ilikuwa bado inaikumbuka ilivyolala. Hapo ndipo penye hatari: mazoea ya jana kukutana na mwendo wa leo.

Inafaa Waislamu tulielewe jambo lenyewe lilivyo, maana mtu hajikingi na asichokijua. Treni si kama gari. Haiwezi kumkwepa mtu, kwa sababu haina pa kwenda ila juu ya vyuma vyake. Dereva akifunga breki, treni yenye mzigo huendelea mbele mamia ya mita kabla haijasimama. Akikuona umekatiza mbele yake, hana analoweza ila kupiga honi na kuomba. Treni iendayo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja, kwa hiyo ikiwa mita 100 kutoka ulipo, umebakiwa na sekunde saba tu. Mzee mwenye mkongojo, mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani, au kijana anayesukuma baiskeli yenye magunia, sekunde hizo haziwatoshi. Tena mabehewa ni mapana kuliko reli. Anayesimama pembeni akidhani yu salama kwa kuwa hayuko kati ya vyuma, naye huweza kugongwa. Na ile treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, kisha ikafika Dodoma, huweza kwenda kilomita 160 kwa saa, yaani zaidi ya mita 40 kwa sekunde moja. Ndiyo maana njia yake imewekewa uzio na vivuko vya juu na vya chini.

Juu ya hayo, jicho la mwanadamu hudanganyika. Kitu kikubwa kikija kutoka mbali huonekana kinakwenda polepole kuliko kinavyokwenda. Basi mtu huitazama treni akasema moyoni, "Nitawahi." Neno hilo limewaua wengi.

Basi likigongana na treni, taifa zima husikia, kama ilivyokuwa Manyoni mkoani Singida mwezi Novemba 2023, walipokufa watu zaidi ya kumi kwa mara moja. Waendao kwa miguu hufa mmoja mmoja. Habari zao haziendi mbali zaidi ya mtaa wao, na kwa hiyo hakuna anayeziona kuwa ni msiba wa umma. Lakini mbele ya Mola wao nafsi zao hazikupungua thamani kwa kufa mmoja mmoja.

Hapa tuna neno zito la kuwaambia baadhi ya ndugu zetu. Pakitokea vifo viwili au vitatu mahali pamoja, haichukui muda utasikia kwamba hapo pana jini anayetaka damu. Watu huchangishana, hununua mbuzi, huchinja kando ya njia na kufukiza ubani. Hiyo ni shirki, na juu ya kuwa ni shirki, haimwokoi mtu. Tazameni vizuri mahali hapo. Mtaona kona isiyoonesha mbele, au majani marefu yanayoziba macho, au giza, au njia ya miguu inayotokeza ghafla kwenye tuta. Huyo ndiye "jini" wenu. Hafukuzwi kwa damu ya mbuzi, hufukuzwa kwa panga la kufyekea, kibao cha tahadhari na taa. Bei ya mbuzi huyo ingetosha kulipia kibao.

Turudi katika dini yetu. Bedui mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake ndipo atawakali, au amwache huru na kutawakali. Akaelekezwa amfunge, kisha atawakali. Hadithi hii ameipokea Imam Tirmidhi. Amirul-Muuminina Umar bin Khattab (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata habari kwamba tauni imezuka huko, aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza iwapo anaikimbia Qadar ya Allah. Umar akamjibu kwamba ndiyo, wanaikimbia Qadar ya Allah kuiendea Qadar ya Allah. Haya yamo katika Bukhari na Muslim. Kurudi nyuma ni Qadar. Kusubiri treni ipite ni Qadar. Kufyeka kichaka ni Qadar. Kwa nini sisi tunaiona Qadar katika kifo tu, wala hatuioni katika kinga?

Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul-Baqara, aya ya 195, tusijitie katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe. Na katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, ameweka diya na kafara kwa aliyeua Muumini kwa makosa bila kukusudia, hata kufunga miezi miwili mfululizo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru. Hebu tuzingatie hapo. Lau kila kifo cha bahati mbaya kingekuwa ni jambo la kusema "siku yake ilifika" na basi, kafara hiyo ingekuwa ya nini? Sharia inatufundisha kwamba siku imefika, na papo hapo mwenye kuisababisha ataulizwa. Hili walisikie hasa ndugu zetu madereva na vijana wa bodaboda.

Na lipo jambo linalotuhusu sisi wa msikitini moja kwa moja. Siku ya Ijumaa, khatibu akiwa yu karibu kupanda mimbari, watu hukimbia na kukatiza barabara bila kutazama. Mtume (S.A.W.) ameagiza tukisikia iqama tuiendee Sala kwa utulivu na upole, tusikimbie, tutakachokidiriki tukisali, na kilichotupita tukikamilishe. Anayehatarisha roho yake ili awahi rakaa amekwenda kinyume na agizo la yule yule aliyemfundisha rakaa hiyo.

Kinga, wapendwa, haihitaji fedha nyingi kila mara. Katika mji wa Mumbai, India, ambako watu waliokuwa wakifa kwa mwaka katika njia za treni walihesabiwa kwa maelfu, palifanywa jaribio katika eneo la Wadala mnamo mwaka 2010. Baadhi ya mataruma yalipakwa rangi ya manjano, ili mtu aone yanavyomezwa na treni, apate kukisia mwendo wake. Madereva wakatakiwa kupiga honi mbili fupi zenye kimya kati yake, badala ya moja ndefu. Zikabandikwa picha za uso wa mtu mwenye hofu aliyekaribia kugongwa. Vifo mahali hapo vikapungua sana. Rangi, honi na picha!

Basi tunapendekeza haya. Kwanza, kila imamu atenge khutba moja kwa ajili ya haki ya njia na hifadhi ya nafsi. Pili, madrasa zetu zifundishe watoto kuvuka kama zinavyowafundisha udhu, kwa vitendo: simama, tazama pande zote mbili, sikiliza, ndipo uvuke, bila kukimbia na bila simu sikioni. Reli isifanywe njia ya kutembelea wala kijiwe cha kukaa, na ivukwe palipowekwa kivuko. Barabarani, asiye na njia ya pembeni atembee upande wa kulia, akiyaelekea magari yanayokuja. Tatu, mama zetu na dada zetu wanaotoka darsa baada ya Magharibi wakumbuke kwamba buibui jeusi halionekani gizani. Wawe na tochi, au mtandio mweupe juu. Nne, jeneza linapovushwa, watangulie watu wawili wa kutazama na kusimamisha vyombo, tusije tukarudi na jeneza la pili.

Tano, kamati za misikiti zikae na serikali za mitaa, ziorodheshe mahali watu wanapovuka kila siku, kisha ziandike barua kwa Shirika la Reli, kwa LATRA na kwa TANROADS zikiomba vivuko, vibao na matuta. Na viongozi nao tunawaambia kwa heshima: haitoshi kutangaza kwamba kupita relini ni kosa la kisheria. Kijiji kilicho upande mmoja na kisima, shule au soko upande wa pili, watu wake watavuka tu. Uzio usio na mlango hukatwa. Wapeni watu mahali pa kupita salama, ndipo muwahukumu wasiopita hapo.

Sita, wapo wanaoiendea reli kwa kukata tamaa na maisha. Tusingoje kuwazungumza wakiwa maiti. Tukimwona ndugu amejitenga, madeni au maradhi yamemwelemea, tumwendee, tukae naye, na tumfikishe hospitali ikibidi.

Waislamu wa dunia walichanga fedha zao kujenga Reli ya Hijazi, iliyofika Madina kutoka Damascus mwaka 1908, ili mahujaji wasafiri kwa amani. Hatudhani kwamba umma uliochangia reli nzima utashindwa kuchangia kopo la rangi na kibao kimoja. Mtume (S.A.W.) ameifanya kazi ya kuondoa udhia njiani kuwa tawi katika matawi ya imani, na Suratul-Maida, aya ya 32, inatufahamisha kwamba aliyeihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote.

Tongoni yetu inajulikana kwa magofu ya msikiti wake na makaburi yake ya nguzo yaliyodumu kwa karne nyingi. Makaburi hayo yanatukumbusha kwamba kufa ni lazima, lakini hayatuamrishi tuyaongeze kwa uzembe. Ijumaa ijayo, baada ya Sala, wanaume watano tu kutoka kila msikiti wachukue mapanga, waende mahali panapojulikana kwa hatari kandokando ya barabara, wafyeke. Baada ya kufyeka, na waombe dua.

Wabillahi tawfiq.