*TAARIFA YA TAWI: ALIYEUMIZWA NA JAMBAZI NAYE ANA MACHOZI*



Sisi wa Katavi tunakijua vizuri *kifuta machozi*. Tembo au mamba akiua mtu, Kanuni za mwaka 2011 chini ya Sheria ya Wanyamapori ziliitambua familia ya marehemu na kuipangia shilingi 1,000,000 kutoka Serikalini. Ni kidogo, lakini kipo kisheria.

Sasa tuulizane: mtu huyohuyo akiuawa kwa panga na majambazi akitoka mnadani, mjane wake anapewa nini? Akinusurika, anapewa PF3, kisha anauza mahindi ajitibu.

Watatuambia mahakama inaweza kumwamuru mkosaji alipe fidia. Ni kweli, sheria ipo. Kwa kosa la kubaka, fidia ni sehemu ya adhabu. Lakini fidia hiyo inasubiri mtu akamatwe, atiwe hatiani, tena awe na mali. Jambazi asiyejulikana hamlipi mtu. Na mfungwa wa miaka 30 asiye na hata mbuzi, atalipa nini?

Watasema fedha hakuna. Je, faini za mahakamani zinakwenda wapi? Aliyeumia ni mwananchi, anayelipwa ni Hazina! Hilo hatulikubali.

Watasema watu watadanganya. Shamba likiliwa na tembo, afisa anakuja kukagua. Jeraha la panga linashindikanaje kukaguliwa?

Jambo hili si geni. Umoja wa Mataifa ulitamka tangu mwaka 1985 kwamba mkosaji asipoweza kulipa, nchi ijitahidi kumfidia aliyeumizwa. Majirani zetu Kenya waliweka mfuko wa waathirika kwenye sheria yao ya mwaka 2014. Sisi tunangoja nini?

*MSIMAMO WA TAWI*
1. Uundwe mfuko wa waathirika wa uhalifu, na sehemu ya faini iingie humo.
2. Matibabu ya majeruhi yalipwe bila kungoja hukumu.
3. Diwani aifikishe hoja hii Halmashauri, Mbunge aisimamie Bungeni.

Ndugu wanachama, hatuombi sadaka. Tunalipa kodi na ushuru ili Serikali itulinde. Iliposhindwa kumlinda mtu, isimwache na kidonda chake peke yake.

Hoja hii italetwa mkutano wa tawi. Njoo, na umwambie jirani.

*Imetolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi, Kapalamsenga.*
_Soma, elewa, sambaza._