Heshima kwa nguli isigeuke hofu

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwetu kwamba kijana akimkabili aliyemtangulia bila kutetemeka, basi amekosa adabu. Dhana hii ina wafuasi nyumbani, viwanjani na, la kusikitisha zaidi, madarasani. Nataka kuipinga kwa kisa cha mchezo mmoja wa mpira wa vikapu uliochezwa mjini Philadelphia, Marekani, tarehe 12 Machi 1997.

Siku hiyo timu ya Philadelphia 76ers iliwakaribisha Chicago Bulls, mabingwa watetezi wa ligi ya NBA. Bulls waliongozwa na Michael Jordan, aliyekuwa na umri wa miaka 34, na ambaye wengi walikwisha kumhesabu kuwa bora kuliko wote waliowahi kuucheza mchezo huo. Upande wa pili alikuwapo Allen Iverson, kijana wa miaka 21 katika msimu wake wa kwanza, ambaye kazi yake ilikuwa kuuleta mpira mbele na kuanzisha mashambulizi. Kimo chake kilikuwa futi 6, ilhali Jordan alikuwa na futi 6 na inchi 6. Fauka ya hayo, Jordan ndiye aliyekuwa shujaa wake tangu utotoni.

Ikafika zamu ya wawili hao kukutana ana kwa ana. Iverson aliudunda mpira, akauhamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine kwa chenga ndogo, mithili ya mtu anayebisha hodi. Alipoona Jordan ameitikia, alimwacha ajipange upya, kisha akampiga chenga ya pili, pana na ya kasi zaidi. Jordan akayumba. Alijizoazoa, akarudi na kunyoosha mkono, lakini mpira ulikuwa umekwisha kuondoka, ukatumbukia kikapuni. Hadi mchezo unakwisha, kijana yule alikuwa amefunga pointi 37.

Wapo watakaosema kuwa hiyo ilikuwa bahati, au kiburi cha ujana. La hasha! Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Chenga ile iliundwa katika Chuo Kikuu cha Georgetown, ambako Iverson alichezea kwa misimu miwili. Mwenyewe amesimulia kwamba aliyemfunza ni mwenzake wa akiba asiyekuwa na jina, ambaye alikuwa akimchenga mazoezini. Nyota wa timu hakuona haya kumwomba mwenzake huyo amwonyeshe namna ya kuifanya. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu: kijana ambaye hakumwogopa mkubwa ndiye yule yule ambaye hakumdharau mdogo. Mwenye kiburi hawezi kujifunza kwa asiye na jina.

Hata hivyo, ujasiri haukumpa Iverson kila alichokitaka. Bulls walishinda mchezo ule kwa pointi 108 dhidi ya 104. Msimu ulipomalizika, 76ers walikuwa wameshinda mara 22 na kushindwa mara 60. Yeye binafsi alikuwa akipoteza mpira zaidi ya mara nne kwa wastani katika kila mchezo. Lakini makosa hayo yalikuwa karo ya mafunzo yake. Mwezi wa Aprili alifunga pointi 40 au zaidi katika michezo mitano mfululizo, akatuzwa kuwa chipukizi bora wa msimu, na mwaka wa 2001 akatawazwa mchezaji bora wa ligi nzima. Lau angalikuwa anaondolewa kiwanjani kila alipokosea, sidhani kama angaliyafikia hayo.

Sasa tugeukie madarasa yetu. Aghalabu mwanafunzi hainui mkono, si kwa kuwa hana la kusema, bali kwa kuwa anahofia kicheko cha wenzake na kemeo la mwalimu. Jibu lake huzikwa moyoni, na kosa ambalo lingesahihishwa mapema huibuka katika chumba cha mtihani, wakati hapana wa kulisahihisha. Mwalimu mpendwa, hushuki hadhi ukiulizwa swali linalokutoa jasho. Jordan hakumpuuza chipukizi yule, bali alimkabili kwa nguvu zake zote, na hiyo ndiyo heshima kubwa ambayo aliyebobea anaweza kumpa anayechipuka. Lijibu swali kwa uzito wake, na kama jibu hulijui, waahidi wanafunzi kwamba mtalitafuta pamoja.

Nawe mwanafunzi, usidhani kwamba kupayuka ndiko kujiamini. Anayesimama katika mdahalo bila kusoma ni sawa na anayejaribu chenga ambayo hajaifanyia mazoezi: atajikwaa kwa miguu yake mwenyewe. Soma, uliza, jaribu, kosea, kisha ujaribu tena.

Iverson alipoingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo mwaka wa 2016, alimshukuru Jordan hadharani kwa kumtia hamasa. Miaka 19 ilikuwa imepita tangu amchenge, na heshima yake kwake haikuwa imepungua hata chembe. Basi tusiwafunze watoto wetu kwamba ni lazima wachague kati ya adabu na ujasiri.