Mifupa Tunayojivunia, Mifupa Tuliyouza

Nina ugomvi nasi wenyewe, ndugu msomaji, hasa sisi wa Shinyanga na Geita.

Akija mgeni tunatanua kifua: Tanzania ndiyo chimbuko la mwanadamu! Oldupai, bwana! Fuvu la Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, lina miaka milioni 1.75 hivi, na shuleni tulilikariri kama jina la babu. Hata hapo tulikosea. Yule hakuwa babu yetu. Ukoo wake ulikuwa wa pembeni, ukafa bila kuacha kizazi. Mtu wa aina yetu alitokea baadaye sana, humu humu Afrika. Mabaki ya Omo Kibish, Ethiopia, yamepita miaka 200,000. Mchina, Mzungu na Msukuma wote wametoka kwenye shina hilo.

Sasa niambieni. Wenye somo hilo mdomoni ndio hao hao waliosema mtoto wa jirani si mtu, ni mzimu, eti hafi, hupotea tu! Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhika kasi mwaka 2007 na 2008, Kanda yetu ya Ziwa ndiyo iliyoongoza. Eti ukiingiza mfupa wake duarani dhahabu inapanda. Septemba 2009 mahakama iliyokaa Kahama iliwahukumu kunyongwa wanaume watatu kwa kumuua mvulana wa Bukombe. Tukashusha pumzi, tukarudi kwenye karasha.

Hebu tuongee kichimbaji. Dhahabu ya Geita iliingia kwenye mwamba zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Wakati huo hapakuwa na samaki wala ng'ombe, wala kiumbe chochote chenye mfupa. Mfupa wa mtoto utaijulia wapi njia ya mwamba huo? Mganga amekula ng'ombe wako bure, kaka.

Na huo weupe je? Ni urithi tu. Baba anaubeba, mama anaubeba, wote weusi tititi, mtoto anazaliwa bila rangi ya kumkinga na jua. Inakadiriwa nchini kwetu mtu 1 kati ya 1,400 huzaliwa hivyo. Piga hesabu ya urithi: karibu mtu 1 kati ya 20 anaubeba bila kujua. Basi lolote la Geita likijaa, yumo. Huenda ni mimi. Huenda hata yule mwenye panga alikuwa nao damuni.

Fuvu la Oldupai, ambalo si la ndugu yetu, lilirudishwa nchini mwaka 1965 na linalindwa Dar es Salaam. Huku kwetu wako wazazi waliomwaga zege juu ya kaburi la mtoto wao ili sisi, majirani, tusije usiku na jembe.