Gari Likizima Likiwa Moto, Usikimbilie Duka la Spea

Kama una gari la zamani, hii stori unaijua. Asubuhi linawaka mara moja, linanguruma vizuri, unatoka mtaani ukijiona bosi. Nusu saa baadaye, katikati ya foleni, linaanza kukohoa. Mara moja, mara mbili, kisha kimya. Unapiga stata, injini inazunguka lakini haishiki. Matatu nyuma yako zinakupigia honi kama vile umezima kwa kupenda. Unalisukuma kando, unakaa dakika 25, unajaribu tena, na linawaka kana kwamba halijakukosea lolote.

Langu ni pikapu ya Peugeot 504 niliyoachiwa na babu. Wazee wetu hawakuiheshimu 504 bure. Ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975, ikarudia 1978, na kwa miaka mingi imebeba watu na mizigo kwenye barabara mbovu za nchi hii. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda watu wa nyumbani, na pikapu hiyo ndiyo inayonilisha. Kazi yangu ni kuhamisha watu kutoka keja moja hadi nyingine: kitanda, meko, godoro, na ile TV ambayo mwenyewe hataki mtu mwingine aishike.

Sasa fikiria mwisho wa mwezi, saa saba mchana, Outer Ring Road. Mizigo ya mama mmoja imejaa nyuma na gari limezima mara ya tatu. Mama anaangalia jua, anaangalia friji yake, kisha ananiangalia mimi. "Kijana wangu, si ungeniambia tu gari ni mgonjwa nitafute mwingine?" Alinilipa nusu. Sikuwa na mdomo wa kumjibu.

Kwa miezi miwili nilikuwa nimebadilisha plagi zote nne, koili, pampu ya mafuta na vifaa vya ndani ya kabureta. Jumla Sh19,500, pesa za mtu anayelipa rent ya bedsitter. Kila fundi alikuwa na jibu tayari. "Hiyo ni koili, mia kwa mia." Wiki moja baadaye: "Hiyo ni pampu, hata usijisumbue." Mjomba wangu naye alikuwa na lake: "Uza hiyo kitu kwa watu wa skrapu, wanapima kwa kilo." Na wacha niseme ukweli, nilikuwa nimeanza kuulizia bei ya kilo.

Si kwamba mafundi hao walikuwa wezi. Vitu vyote walivyovitaja vinaweza kuzima injini ikiwa moto. Shida ni kwamba gari langu lilikuwa likifika gereji limepoa na halina tatizo lolote. Fundi anapima nini hapo? Anabahatisha, na anayelipia bahati ni wewe.

Kuna mtego mwingine mbaya zaidi. Gari limezima barabarani, fundi anakuja, anafungua koili, anafunga nyingine. Kazi hiyo inachukua nusu saa. Unapiga stata, gari linawaka, mnapigana gota. Lakini ndugu yangu, hiyo nusu saa ndiyo iliyoliwasha! Injini imepoa. Hata ungekaa ukila mahindi choma kando ya barabara lingewaka. Koili inapewa sifa ambazo ni za upepo, na kesho uko palepale.

Aliyenitoa kwenye mtego huu ni mzee mmoja wa jua kali, pale kando ya barabara karibu na Donholm. Alinikuta nikiwa nimezima na boneti juu. Nilianza kumwandikia orodha ya spea nilizobadilisha, akanikata: "Kijana, sijauliza umenunua nini. Imezima saa hii? Basi usingoje ipoe."

Akatoa plagi kuukuu mfukoni. Alichonifundisha ndicho nataka nawe ukijue, kwa sababu hakihitaji diploma.

Kwanza, angalia geji ya joto. Kama sindano iko kwenye nyekundu au rediata inatoa mvuke, hilo ni tatizo la kupoza injini, na usithubutu kufungua kifuniko cha rediata saa hiyo, utaungua uso. Kama joto ni la kawaida, endelea.

Injini ya petroli ikizima ghafla namna hii, kwa kawaida imekosa kimoja kati ya viwili: cheche au mafuta. Kabla hujagusa spea yoyote, jua ni kipi.

Cheche zinapimwa hivi. Hakikisha hakuna petroli inayovuja. Chomoa waya wa plagi moja, uvalishe kwenye plagi ya akiba, kisha lalisha chuma cha plagi hiyo kwenye chuma cha injini. Mwenzako apige stata. Usiishike kwa mkono mtupu, koili inatoa volti zaidi ya 10,000 na haina huruma. Ukiona cheche ya buluu inayolia tap-tap-tap, umeme uko sawa, nenda kwa mafuta. Ukiona cheche dhaifu ya manjano, au usipoona kitu, achana na kabureta kabisa.

Mafuta nayo: toa kifuniko cha kichujio cha hewa, chungulia ndani ya kabureta huku ukivuta mkono wa aksileta. Stata ikiwa imetulia, si inazunguka. Petroli inafaa kuruka ndani kama mate ya nyoka. Ikiwa pakavu, mafuta hayafiki. Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu na gari likawaka muda mfupi baadaye, tundu la hewa la tangi limeziba. Kama siyo hilo, weka kitambaa chenye maji baridi kwenye pampu na paipu yake. Likiwaka, petroli ilikuwa imechemka na kugeuka mvuke ndani ya paipu, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Kwetu Nairobi hili ni rahisi kutokea, maana tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda juu ndivyo petroli inavyochemka kwa joto dogo. Ongeza foleni isiyosonga na boneti iliyofungwa.

Langu halikuwa na shida ya mafuta. Plagi ilitoa kijicheche cha manjano, mara kinaonekana, mara hakipo. Mzee akafungua kifuniko cha distribyuta, akaniambia nipige stata tena. Kwenye zile pointi, pale zinapoachana, palikuwa pakiwaka kama mtu anachomelea geti. Akacheka. "Moto uko, lakini unachomekea mahali si pake."

Akaniambia ni kondensa. Hicho ni kidude kidogo kama ncha ya kidole, kimefungwa kwa skrubu kwenye distribyuta. Kazi yake ni kumeza umeme pointi zinapoachana, ili koili itupe nguvu zake zote kwa plagi. Ndani yake kuna karatasi nyembamba za kuzuia umeme zilizokunjwa pamoja na foili. Zikizeeka zinafanya kazi zikiwa baridi, zikipata joto zinashindwa. Zikipoa, zinarudi kazini. Ndiyo maana kila gereji ililikuta gari likiwa zima.

Mzee akatoa kondensa iliyotumika kwenye mkebe wake, akaifunga kwa dakika tatu. Injini bado ilikuwa moto wa kuchoma mkono. Napiga stata, likawaka papo hapo. Huo sasa ndio ushahidi: limewaka bila kupoa. Kondensa ilinigharimu Sh400. Nikamwongezea Sh600 za somo, na bado naona nilimpunja.

Na ile koili mpya niliyouziwa? Mzee aliipima kwa mita akatikisa kichwa. Gari lisilo na rezista ya koili linataka koili ya takriban omu 3. Mimi nilikuwa nimefungiwa ya omu 1.5, ambayo imetengenezwa kutumika na rezista. Ingepitisha umeme mwingi kupita kiasi, ichemke, na ikifa ningerudi kwenye tatizo lilelile la kuzima nikiwa na moto. Yaani kubahatisha hakukunila pesa tu, kulikuwa kunaniandalia ugonjwa wa pili.

Najua kuna mtu anasema, "Wewe nawe, si ununue gari la kisasa lenye kompyuta?" Sawa, nipe pesa. Lakini hata hayo ya kisasa yana sensa ya krankshafti ambayo inajulikana kwa kufa ikiwa moto na kufufuka ikipoa. Mashine ya kusoma kodi inakuonyesha mahali pa kutazama, haikupimii. Nawajua watu wenye magari mapya ambao wamebadilisha sensa tatu kwa kubahatisha. Ujinga ni uleule, bei ndiyo tofauti.

Na magari ya kale si ya wale tu wanaoyang'arisha kwa mashindano ya Concours kule Ngong. Kuna vijana wengi hapa nje wanaokula kupitia Datsun, Peugeot na Land Rover za babu zao. Kila mara mmoja wetu anapochoka na kuliuza kwa kilo, ajira imeenda, pengine kwa sababu ya kidude cha Sh400.

Kwa hivyo fanya hivi wikendi hii. Weka ndani ya gari plagi moja ya akiba, bisibisi, koleo lenye mpira na kitambaa, na jifunze kupima cheche gari likiwa zima nyumbani, ndipo usitetemeke barabarani. Na fundi akikuambia "badilisha hii", muulize swali moja kwa heshima: "Fundi, umepima vipi?" Akikuonyesha, mlipe vizuri, maana huyo amesoma. Akikasirika, funga boneti uende.

Mama wa friji alinipigia wiki iliyopita. Dadake anahama Umoja kwenda Ruai. Nimemwambia gari limepona, na safari hii sikuwa nabahatisha.